Kila mkataba uliiacha Yerusalemu hadi mwisho: kwa nini tusianze na yale magumu?

#1 Mzee wa Feri

Wakuu, salaam.

Tangu usitishaji vita wa Gaza utangazwe Oktoba 2025 nimesoma mipango ya amani mingi, na kila nikisoma narudi pale pale. Makubaliano ya Oslo ya 1993, kati ya Israeli na Wapalestina, yaliweka kando Yerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi, mipaka na usalama. Yakasema hayo yatazungumzwa baadaye, ndani ya kipindi cha mpito cha miaka 5. Kipindi kikaisha Mei 1999 na hakuna hata moja lililopata jibu. Katikati hapo Februari 1994 mlowezi mmoja aliingia na bunduki Msikiti wa Ibrahimi kule Hebron akaua waumini 29 wakiwa kwenye swala. Mabomu ya kujitoa mhanga yakaanza kulipuka ndani ya mabasi ya Israeli. Novemba 1995 Rabin, waziri mkuu wa Israeli, akauawa na Myahudi mwenzake. Miaka ile ya kungoja ilikuwa mali ya watu wasiotaka amani, na waliitumia vizuri.

Hoja yangu ni kwamba huwezi kumwambia mtu avumilie safari bila kumwambia inaishia wapi. Mpalestina aliambiwa avumilie vizuizi vya barabarani, hakuambiwa kama mwisho wake ni dola. Mwisraeli aliambiwa aachie ardhi, hakuambiwa kama mwisho wake ni kufungwa kwa madai yote. Basi mwisho uandikwe kwanza, uwe na ramani na saini, ndipo zije hatua za utekelezaji.

Mwenye njia bora aiweke hapa. Naomba tusiwe timu za mpira, watu wamekufa wengi mno.

#2 Chumvi Nyingi

Mzee wa Feri akifungua uzi najua leo hakuna kulala. Nimeshavuta kiti.

#3 Mwana Kisauni

Shukran kwa uzi, ila mie naona umeanza na karatasi ukaiacha ardhi. Wakati Oslo inasainiwa kule Oslo, walowezi wa Ukingo wa Magharibi walikuwa kama 110,000. Leo ni nusu milioni, na hapo hujawahesabu wale 200,000 na zaidi wa Yerusalemu Mashariki. Asilimia 60 ya Ukingo inaitwa Eneo C, ambako Mpalestina akitaka kuongeza chumba kimoja kwenye nyumba ya baba yake ataomba kibali kwa jeshi la Israeli, na kwa kawaida hakipati.

Agosti 2025 wamepitisha nyumba 3,400 hivi pale E1, mashariki ya Yerusalemu. Fungua ramani uangalie. Pale pakijengwa, Ramallah na Bethlehemu zinatenganishwa. Sasa huo mwisho unaotaka uandikwe kwanza, utauandikia ardhi gani? Kila mwaka wa mazungumzo ni mwaka wa zege. Njia ya kwanza ya amani ni ujenzi usimame, mengine yote baadaye.

#4 Kibuyu wa Dodoma

Mwana Kisauni tuweke rekodi sawa. Norway yalifanyika mazungumzo ya siri, lakini sherehe ya kutia saini ilikuwa Washington, Septemba 13, 1993, kwenye nyasi za Ikulu ya Marekani, Clinton akiwa katikati ya Rabin na Arafat. Na mgawanyo wa A, B na C haumo mle. Ulikuja na Oslo ya pili, Septemba 1995.

Tukirudi kwenye mada, mnazungumza kana kwamba upande mmoja ndio umezuia kila kitu. Novemba 29, 1947 Umoja wa Mataifa ulipiga kura 33 kwa 13 kuigawa nchi. Wayahudi wakakubali, Waarabu wakakataa wakaingia vitani. Mwaka 2000 Camp David, Barak akaweka mezani kitu ambacho hakuna waziri mkuu wa Israeli aliyewahi kukiweka, Arafat akaondoka. Mwaka 2005 Israeli imeng'oa makazi yote 21 ya Gaza, walowezi kama 8,000 wakatolewa, wengine kwa kubebwa mikono na miguu na askari wao wenyewe. Wamepata nini? Roketi. Ukiwa Mwisraeli wa kawaida, utamwamini nani tena?

#5 Binti Pangani

Kibuyu, kura umeitaja sawasawa, sasa malizia hesabu. Mwaka 1947 Wayahudi walikuwa kama theluthi moja ya wakazi na walimiliki takriban asilimia 7 ya ardhi. Mpango uliwapa zaidi ya nusu ya nchi. Nani kati yetu angekubali kijiji chake kigawanywe hivyo na watu wa mbali? Vita vilipoisha, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikuwa wakimbizi, na azimio namba 194 la Desemba 1948 lililosema wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani waruhusiwe, halijatekelezwa hadi leo.

Na hilo la Waarabu kukataa kila kitu si kweli. 1988 kule Algiers chama cha ukombozi wa Palestina, PLO, kilitangaza dola na kukubali azimio 242 la Umoja wa Mataifa, lile la ardhi kwa amani. 1993 Arafat, kiongozi wa PLO, alimwandikia Rabin barua ya kuitambua Israeli. Machi 2002 Beirut, Umoja wa Nchi za Kiarabu wote ukasema: rudini kwenye mipaka ya 1967, tafuteni suluhu ya haki kwa wakimbizi, nasi sote tutawatambua. Israeli haijawahi kuujibu rasmi mpango ule.

#6 Kibuyu wa Dodoma

Wiki ile ile ya Beirut, mtu wa Hamas alijilipua hotelini Netanya watu wakiwa kwenye karamu ya Pasaka. Wakafa 30. Unategemea serikali gani ijibu barua siku hiyo?

#7 Mwana Kisauni

Ndiyo yale ya Mzee wa Feri ya #1. Ukiacha nafasi kati ya neno na tendo, mwenye bomu anaingia hapo hapo.

Kuhusu Gaza 2005, waziri mkuu wa Israeli Sharon alitoka bila mkataba na mtu yeyote. Hakumkabidhi Abbas, rais wa Wapalestina, kitu ambacho angeweza kuwaonyesha watu wake kwamba mazungumzo yanalipa. Anga ikabaki ya Israeli, bahari ya Israeli, milango karibu yote ya Israeli. Januari 2006 Hamas ikapata viti 74 kati ya 132 vya bunge la Palestina. Wao walisema bunduki ndiyo iliyomtoa Myahudi, na nani angeweza kuwabishia? Kuanzia 2007 ikawa kuzingirwa moja kwa moja. Utaitaje hiyo kuwa jaribio la amani?

#8 Hoho na Tende

Habari wana jukwaa. Mimi niliwahi kukaa Arava, kusini kabisa mwa Israeli, kwenye mafunzo ya kilimo. Asubuhi shambani, hoho na tende, umwagiliaji wa matone, siku moja ya wiki darasani. Kwa hiyo nitasema nilichokiona kwa watu wa kawaida wa upande mmoja, upande wa pili sikuruhusiwa hata kuufikia.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa dada yake karibu na Gaza, chakula cha Ijumaa jioni. Chumba cha mtoto pale nyumbani ndicho chumba cha kujificha makombora. Ukuta wa zege nene, mlango mzito wa chuma, dirisha lina bamba la chuma la kuvuta kwa nje. Humo ndani kuna kitanda kidogo, midoli, vitabu vya shule. Yule mama alinieleza kwa utulivu kabisa: king'ora kikilia tuna sekunde kama 15, ndiyo maana tukaamua watoto walale humo humo, tusipoteze muda wa kuwabeba.

Wale ndio watu waliokuwa wanapiga kura za amani. Vijiji vile vya mpakani vilijaa watu wa mrengo wa kushoto, wengine walikuwa wanawabeba wagonjwa kutoka mpakani mwa Gaza kuwapeleka hospitali za Israeli. Oktoba 7, 2023 waliuawa watu kama 1,200, na 251 wakachukuliwa mateka. Kati ya waliouawa ni vijana wetu wawili Watanzania waliokuwa kwenye mafunzo kama yangu. Mwili wa mmoja ulikaa Gaza miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025. Familia yake ilisubiri muda wote huo.

Mzee wa Feri, naelewa hoja ya ramani kwanza. Lakini yule mama ukimletea ramani bila kumwambia nani atashika bunduki upande wa pili wa uzio, hatakusikiliza. Usalama ndio mlango.

#9 Chumvi Nyingi

Pole sana mkuu #8. Zile picha za mazishi ziliumiza nchi nzima.

#10 Dada wa Muscat

Pole Hoho na Tende. Nami nitaleta wa upande mwingine.

Nafanya kazi ya uuguzi hapa Muscat. Zamu yangu niko na mwenzangu Mpalestina, kazaliwa Amman. Bibi yake alitolewa Lydda, mji ulio Israeli leo, Julai 1948, wakatembea kwa miguu kwenye jua kali kuelekea Ramallah, na mtoto mchanga wa jirani akafia njiani. Ule ufunguo wa nyumba upo kwa mjomba wake. Nimeuona kwenye simu, mkubwa, wa chuma, umeshika kutu kwenye meno. Nyumba yenyewe haipo tena, wanajua.

Nilimuuliza kama ana mpango wa kuwatoa walioko Lydda leo. Akashangaa. Akasema, "Nataka kwanza mtu wa serikali yao aseme kwamba tulitolewa, kwamba hatukuondoka kwa kupenda." Halafu ndiyo aje na fidia, na haki ya kuchagua.

Walioandikishwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, ni karibu milioni 6, wazao wakiwemo. Clinton, Desemba 2000, aliwapangia milango kadhaa: kurudi kwenye dola mpya ya Palestina, kubaki walipo na uraia, kwenda nchi ya tatu, au idadi fulani kuingia Israeli kwa ridhaa ya Israeli. Wanasiasa huligeuza jambo hili kuwa la yote au hakuna, ilhali ukikaa na mtu mmoja mmoja unakuta matakwa yake yana ngazi nyingi.

#11 Mtoto wa Gongo la Mboto

Si wangepewa tu Uganda ile ya Waingereza wakati ule, haya yote yasingekuwepo.

#12 Mtu wa Uasin Gishu

Ndugu #11, hiyo "Uganda" ni hapa kwetu Kenya. Mwaka 1903 Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpa Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi nchi, wazo la ardhi kwenye uwanda wa Uasin Gishu, hapa Eldoret ninapoandikia. Wakatuma tume kuja kuangalia, na mkutano mkuu wa Wazayuni wa 1905 ukakataa.

Wazee wetu Wanandi na Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo hapa hawakuulizwa na mtu yeyote. Lile pendekezo lingepita, leo uzi huu ungekuwa unatuhusu sisi, na mtu wa mbali angekuwa anatuambia tulipewa nafasi tukakataa. Miaka 14 baadaye waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Balfour, akaandika barua yake kuhusu Palestina kwa staili ile ile, mkubwa mmoja akimwahidi mwingine ardhi ya mtu wa tatu. Ndiyo maana mimi mpango wowote unaoandikwa Washington au London bila Wapalestina wenyewe naukataa kabla ya kuusoma.

#13 Mzee wa Feri

Mtu wa Uasin Gishu, historia nzuri, nimeisoma mara mbili.

Basi na azimio 2803 la Baraza la Usalama, la Novemba 2025, unalikataa? Kura 13, Urusi na China zikajizuia. Limeweka Bodi ya Amani chini ya Trump na kikosi cha kimataifa ndani ya Gaza, na kuhusu dola ya Palestina limesema tu kwamba mazingira "huenda" yakaruhusu njia kuelekea huko, Mamlaka ya Palestina ikishajirekebisha. Kwangu ni ugonjwa ule ule wa 1993. Mwisho umeachwa wazi.

#14 Mrundi wa Kigoma

Mwakeye. Nimekulia kambini, nikarudi nyumbani, sasa nafanya biashara Kigoma. Nataka kusema juu ya mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi.

Mwalimu alianza kutupatanisha, alipofariki 1999 akaja Mandela. Mkataba ulisainiwa Agosti 28, 2000. Mnaujua ulichofanya? Haukutuambia tupendane. Uliandika hesabu. Katiba ya 2005 iliyotokana nao ikaweka Bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi. Jeshi nusu kwa nusu. Mhutu aliogopa jeshi kwa sababu ndilo lililomuua. Mtutsi aliogopa kura kwa sababu wao ni wachache. Kila mmoja alipewa dawa ya hofu yake, imeandikwa kwa namba.

Mimi ninavyowasoma hapa, Hoho na Tende anasema hofu ya Mwisraeli ni kuuawa kitandani. Dada wa Muscat na Mwana Kisauni wanasema hofu ya Mpalestina ni kufutwa kwenye ardhi. Sasa hapo hakuna cha kipi kianze. Vinaandikwa pamoja, siku moja, kwenye karatasi moja.

#15 Kibuyu wa Dodoma

Mrundi umenena vizuri, ila ninyi mlikuwa nchi moja, lugha moja, hata kanisani mnakaa benchi moja. Hawa ni mataifa mawili, kila moja na bendera yake, na moja lina ndege za kivita.

#16 Mwana Kisauni

Ndiyo hapo sasa. Mie siku hizi nimeacha habari ya dola mbili. Kutoka Mto Yordani mpaka baharini kuna Wayahudi kama milioni 7 na Wapalestina kama milioni 7, na mwenye amri ya mwisho kote huko ni serikali moja. Basi iwe nchi moja kweli, kila mtu kura moja, kama Afrika Kusini 1994. Kuchora mpaka katikati ya walowezi nusu milioni ni kujidanganya.

#17 Mwalimu wa Jioni

Mwana Kisauni, Afrika Kusini ANC yenyewe ilidai nchi moja kwa wote tangu zamani, na Wazungu walikuwa wachache waliohitaji kazi ya walio wengi. Hapa Waisraeli wengi hawataki nchi moja, na Wapalestina wengi nao wanataka bendera yao, si kuwa nusu ya nchi ya mwenzao.

Kuna njia ya kati ambayo haitajwi sana huku kwetu. Tangu 2012 kuna harakati ya pamoja inayoitwa Nchi ya Wote, iliyoanzishwa na mwandishi wa habari wa Israeli Meron Rapoport na Awni al-Mashni, Mpalestina wa kambi ya Dheisheh. Wanasema ziwe dola mbili kwenye mipaka ya 1967, lakini mpaka uwe wazi, na uraia utenganishwe na ukaazi. Mlowezi anayetaka kubaki Hebron abaki kama mkaazi anayefuata sheria za Palestina, huku akipiga kura Israeli. Mpalestina wa Amman achukue uraia wa Palestina, na kwa idadi wanayokubaliana aweze kuishi Haifa. Yerusalemu isikatwe, iendeshwe kwa pamoja.

Naiona ina uzito kwa sababu haimlazimishi yeyote kusema kwamba Hebron au Yafa si kwao. Kila mmoja anaamini nchi nzima ni yake, na hilo hutalifuta kwa saini.

#18 Kibuyu wa Dodoma

Mpaka wazi baada ya Oktoba 7? Mwalimu, nenda kamweleze yule mama wa #8.

#19 Mwalimu wa Jioni

Na ule uzio uliofungwa, wenye kamera na bunduki za rimoti, ulimlinda?

#20 Msimamizi

Wakuu, posti mbili za matusi ya dini nimezifuta. Tuendelee kwa staha.

#21 Mchukua Mahujaji

Nimekuwa nikipeleka vikundi vya makanisa Nchi Takatifu kwa miaka mingi, toka Arusha na Nairobi. Nitawaeleza habari ya kibao cha gari tu.

Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 10. Basi letu lina kibao cha manjano, cha Israeli. Kizuizini askari anachungulia, anaona mahujaji, anapunga mkono, tunapita. Pembeni kuna njia ya watu wa miguu yenye uzio wa vyuma pande zote na geti la kuzunguka. Miaka ile kabla ya vita, saa kumi alfajiri wafanyakazi wa Kipalestina walikuwa wameshajaa humo, vibali mkononi, wanawahi kazi za ujenzi. Gari la Bethlehemu kibao chake ni cheupe chenye namba za kijani, na hilo halivuki kwenda Yerusalemu hata dereva wake awe nani. Mwenye duka la vinyago vya mizeituni tunakonunua, Mkristo, watoto wake wamekua wakiuona mji wa Yerusalemu kwa mbali tu. Alikuwa anaomba kibali cha Pasaka kila mwaka, mwaka mwingine akipata yeye mkewe anakosa.

Mahujaji wetu wakitoka pale wananiambia wameona amani. Inaniuma. Wanaimba Bethlehemu, halafu yule aliyewauzia kikombe cha ushirika hawamuulizi lolote. Makanisa yetu na misikiti yetu vina sauti kule kuliko tunavyodhani, kwa sababu utalii wa ibada ni riziki ya pande zote mbili. Tungekuwa tunalala usiku mmoja Bethlehemu na mmoja upande wa pili, tukawasikiliza wote, tungerudi na maneno tofauti mimbarini.

#22 Binti Pangani

#21 barikiwa. Watu wa kuwasikiliza wapo. Tangu 1995 kuna jumuiya ya familia zilizofiwa, Waisraeli na Wapalestina pamoja. Kujiunga sharti uwe umepoteza ndugu wa karibu kwenye mgogoro huu. Wanaingia mashuleni wawili wawili, kila mmoja anasimulia maiti wake. Maoz Inon wazazi wake waliuawa Oktoba 7, na leo anazunguka dunia na Aziz Abu Sarah, Mpalestina ambaye kaka yake alifariki baada ya kupigwa gerezani Israeli. Vivian Silver, mwanzilishi mmoja wa Wanawake Waanzisha Amani, aliuawa nyumbani kwake Be'eri siku hiyo hiyo. Mwanawe akasema hadharani kisasi si mkakati.

Mie naamini amani itatoka huko chini.

#23 Mtu wa Uasin Gishu

Binti, wale ni watu wa kuheshimiwa sana, lakini wamekuwepo miaka 30 na walowezi wameongezeka karibu mara nne. Watu wema hawana kura ya turufu.

Shinikizo ndilo lililowahi kufanya kazi. Mwaka 1991 Bush mkubwa aliizuia Israeli dhamana ya mikopo ya dola bilioni 10 kwa sababu ya ujenzi wa makazi. Shamir, waziri mkuu wa Israeli, akaburuzwa hadi mkutano wa amani wa Madrid, na Juni 1992 wapiga kura wakamtoa wakamweka Rabin. Mwaka mmoja baadaye ikaja Oslo. Leo Marekani inatoa dola bilioni 3.8 kila mwaka za kijeshi, bila sharti la maana. Septemba 2025 nchi 142 zilipiga kura kuunga mkono dola mbili, Uingereza, Kanada na Australia zikaitambua Palestina. Sawa, lakini mwenye mfuko ni mmoja.

#24 Hoho na Tende

Na kwa upande wa pili shinikizo liwe la nani? Hamas wanafadhiliwa na kupewa makao na nchi zinazojulikana. Gaza wamekufa zaidi ya watu 70,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya kule, na uongozi ule ulikataa kuachia silaha hata watoto walipokuwa wanakosa mkate. Shinikizo la mguu mmoja halitembei.

#25 Chumvi Nyingi

Swali langu ni dogo. Mnaandika mikataba mizuri humu, nani ataisaini? Abbas alichaguliwa Januari 2005 kwa miaka 4. Uchaguzi wa Mei 2021 akauahirisha, akisema Israeli hairuhusu kura Yerusalemu Mashariki. Kijana wa Ramallah mwenye miaka 35 hajawahi kumpigia mtu kura ya urais. Na upande wa Netanyahu, mawaziri wake Smotrich na Ben-Gvir wanasema waziwazi hakuna dola ya Palestina.

Marwan Barghouti, kiongozi wa Fatah, je? Yuko gerezani tangu 2002, vifungo vitano vya maisha, lakini kura nyingi za maoni anaongoza. Na 2006 ndiye aliyesaini na wafungwa wa Hamas waraka wa dola kwenye mipaka ya 1967.

#26 Kibuyu wa Dodoma

Amehukumiwa kwa vifo vya watu watano.

#27 Mwalimu wa Jioni

Begin, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israeli, naye aliongoza kundi la Irgun lililolipua hoteli ya King David 1946, watu 91 wakafa. Sadat, rais wa Misri, alianzisha vita vya Oktoba 1973. Hao wawili ndio waliosaini 1979, Sinai ikarudi hadi mchanga wa mwisho, na mji wa walowezi wa Yamit ukabomolewa na Israeli yenyewe. Miaka 45 na zaidi mkataba umesimama, hata vita hivi havikuuvunja.

Na Mzee wa Feri, kwa hoja yako ya ramani, kumbuka Septemba 2008. Waziri mkuu wa Israeli Olmert alimwonyesha Abbas ramani yenye kila kitu, mabadilishano ya ardhi, Yerusalemu, mji mkongwe chini ya usimamizi wa mataifa kadhaa. Akakataa kumpa nakala mpaka aweke saini. Abbas akarudi ofisini akaichora kwa kukumbuka. Olmert alikuwa ameshatangaza kujiuzulu kwa kesi za rushwa, na Desemba vita vya Gaza vikaanza. Mwisho uliandikwa, mkuu. Waandikaji ndio walikuwa wameshaishiwa nguvu.

#28 Mzee wa Feri

Hilo la 2008 linanipa kazi. Lakini ona pia: ramani ile ilikuja mwisho wa utawala wake. Ingekuwa siku ya kwanza?

Kuhusu Yerusalemu wengi humu mnaiogopa. Kanisa la Kaburi Takatifu, madhehebu yake hayaaminiani hata kidogo, kwa hiyo ufunguo uko kwa familia ya Kiislamu ya Joudeh na mlango hufunguliwa na familia ya Nuseibeh, Waislamu vile vile, karne na karne. Msikiti wa Al-Aqsa kuna Waqf, taasisi ya wakfu, wa Yordani ndani na polisi wa Israeli nje. Taratibu za kuishi bila kupendana zipo pale tayari. Zinavunjwa na wanasiasa wanaokwenda kusali mbele ya kamera.

#29 Mrundi wa Kigoma

Chumvi Nyingi, Arusha ilisainiwa bila makundi ya waasi ya CNDD-FDD na FNL, wakaendelea kupigana. CNDD-FDD waliingia 2003, FNL 2006 na ikachukua miaka zaidi kuweka silaha. Mkataba uliwasubiri kwa sababu nafasi yao ilikuwa imeshaandikwa jeshini. Walijua wanaachia bunduki wanapata nini.

#30 Kibuyu wa Dodoma

FNL hawakuwa na hati inayosema Burundi isiwepo. Hamas 1988 iliandika hivyo kuhusu Israeli.

#31 Binti Pangani

Na 2017 wakatoa waraka unaokubali dola kwenye mipaka ya 1967, ingawa bila kuitambua Israeli. Hautoshi, nakubaliana nawe. Lakini Likud, chama cha Netanyahu, nacho 1977 kiliandika kwamba kati ya bahari na Yordani patakuwa na mamlaka ya Israeli peke yake. Kama tutahukumu kwa hati, hakuna wa kukaa mezani.

#32 Dada wa Muscat

Nimemsomea mwenzangu uzi huu jana usiku, wodi ilipotulia. Amewasalimu, hasa Hoho na Tende.

Kuhusu swali la #1 anasema tukianza na Yerusalemu tutakwama, kwa sababu Yerusalemu inagombewa na dunia nzima. Tuanze na wakimbizi. Iundwe daftari: nani alitoka kijiji gani, nyumba ipi, shamba ekari ngapi. Anasema UNRWA ina kadi za familia, na Umoja wa Mataifa una kumbukumbu za mali za zamani, kazi hiyo haihitaji kungoja Netanyahu wala Hamas.

#33 Kibuyu wa Dodoma

Na Wayahudi zaidi ya 800,000 waliotoka Baghdad, Yemen, Misri na Morocco baada ya 1948, wengi wakiacha nyumba na maduka? Muulize na hao.

#34 Dada wa Muscat

Nimemuuliza asubuhi hii tukibadilishana zamu. Kasema nao waandikwe, daftari moja, na kila mmoja alipwe na aliyemchukulia: wa Baghdad adai Baghdad, wa Lydda adai Israeli. Asilolikubali ni wa Lydda kuambiwa deni lake lilishalipwa na Baghdad.